Sebule imepakwa kijivu imekuwa pango: tatizo ni rangi au taa?

Mwenye_Sebule
Wakuu, naomba ushauri kwa wanaojua rangi. Sebule ni mita 4 kwa 3, dari ya jipsamu mita 2.7 kutoka chini, vigae vya rangi ya tofali, dirisha moja la 1.5 kwa 1.2. Kuta zote nne ni kijivu cha mkaa. Kwenye kadi ya rangi ya dukani kilipendeza, lakini usiku kinageuka bluu, na ukikaa humo nusu saa unahisi uzito. Wapo wanaosema nipake njano ili kuchangamke, wengine pinki eti inatuliza. Nipo Dar.

FundiRola
Mkuu, tusikimbilie ndoo. Dirisha linatazama wapi, na boksi la balbu limeandikwa K ngapi (Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni ya njano, kubwa ni ya bluu)?

Mwenye_Sebule
Magharibi, na mbele yake kuna kibaraza. Balbu mbili za wati 9, 6500K.

FundiRola
Basi bluu yako imepatikana. Kijivu cha dukani karibu chote kina rangi nyingine ndani yake: bluu, kijani au zambarau. Weka karatasi nyeupe kando ya kadi, utaiona. Mwanga wa 6500K una bluu nyingi, kwa hiyo unaitoa hadharani. Anza na balbu. 3000K kwa sebule ya kupumzikia, 4000K kama watoto wanasomea hapo. Tafuta zilizoandikwa CRI 90, yaani kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi halisi za vitu, kikomo chake 100. Za bei rahisi mara nyingi hazionyeshi wekundu vizuri, ndiyo maana ngozi za watu na mbao za kochi zinapauka. Usichanganye 3000K na 6500K chumba kimoja, ukuta utakuwa na mabaka.

Huo uzito usiusingizie kijivu moja kwa moja. Angalia LRV nyuma ya kadi, yaani ukuta unarudisha asilimia ngapi ya mwanga unaoupiga. Kijivu cha mkaa hurudisha kama 10, nyeupe iliyovunjwa kidogo 70 hadi 80. Mwanga wa dirisha unafika nyuma ya chumba kwa kudunda ukuta hadi ukuta. Ukidunda mara mbili kwenye 10 inabaki asilimia 1. Kwenye 75 inabaki 56. Pango lako ndilo hilo.

Chokaa_na_Boriti
Fundi kasema kweli, mimi naongeza la magharibi. Ushauri mwingi wa mitandaoni umeandikwa kwa ajili ya Ulaya: chumba kinachotazama kaskazini ni cha ubaridi, kipake rangi za joto. Dar haushiki hivyo. Mwezi wa sita jua la mchana liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Kinachotofautisha vyumba vyetu zaidi ni mashariki na magharibi. Kwako saa 10 hadi 12 jioni mwanga ni wa dhahabu, krimu yenye njano itageuka kiini cha yai, na hiyo njano ya kuchangamsha itaumiza macho.

Halafu vigae. Jua likiwa limeingia chumbani, shika karatasi nyeupe wima, sentimita 10 juu ya kigae. Sehemu ya chini ya karatasi itakuwa na wekundu. Ukuta nao utafanya vivyo hivyo, kwa hiyo krimu yenye pinki iache dukani. Chukua nyeupe yenye kijani kidogo sana au kijivu kidogo, LRV 70 kwenda juu. Dari iwe nyeupe kabisa. Dari nyepesi huonekana iko juu zaidi, na kuta nyepesi zinaongeza hisia hiyo hiyo.

Jicho_Kali
Kuhusu pinki ya kutuliza: habari hiyo ilivuma baada ya seli ya mahabusu ya jeshi la majini huko Seattle, Marekani, kupakwa pinki mwaka 1979. Majaribio ya baadaye yaliyofanywa kwa uangalifu zaidi hayakuona utulivu huo. Pinki ipake kama unaipenda, si kama dawa.

Ukitaka kucheza na hisia, tazama ukolevu kabla ya jina la rangi. Damu ya mzee iliyokolea kuta nne inachosha, ila ya mto wa kochi haina neno. Samawati iliyopauka na samawati ya plastiki ni vitu viwili tofauti, japo zote tunaziita bluu.

FundiRola
Hesabu: mzingo mita 14 mara 2.7 ni 37.8, toa mlango na dirisha, ibaki 34 hivi. Lita moja inafunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja (yaani kupaka mara moja), kwa hiyo mikono miwili ni kama lita 7. Nunua makopo mawili ya lita 4. Kabla ya hapo piga msasa mwepesi, futa vumbi, kisha mkono mmoja wa undakoti nyeupe. Ukiiruka, mkaa utachungulia na utakula mkono wa tatu.

Chukua isiyong'aa. Jua la jioni linapita ukutani kwa ubavu, silki (rangi yenye mng'ao) itaonyesha kila bonde la skiming (lipu laini ya juu) na kila njia ya rola. Ubaya wa isiyong'aa, inashika alama za mikono, basi kando ya swichi tumia ya kufutika.

Jaribio usilifanye juu ya kijivu, rangi yoyote nyepesi hapo itaonekana nyeupe kuliko ilivyo. Paka mikono miwili kwenye hadibodi ya nusu mita, iegemeze kila ukuta, itazame saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni, na usiku kwa balbu mpya.

Mwenye_Sebule
Nikibakiza ukuta mmoja wa kijivu je?

Chokaa_na_Boriti
Usibakize wa dirisha. Kioo kinachowaka katikati ya ukuta mweusi kinachosha macho. Wala wa mkabala nalo, huo ndio unaopokea mwanga wa kwanza na kuurudisha chumbani. Bakiza wa ubavuni, nyuma ya TV.