Modi ya Japani ya kale: mavazi ni ya Sengoku, vita ni vya Ulaya

Wakuu, nimevumilia wiki tatu nikidhani kosa ni langu, lakini leo uvumilivu umefika mwisho. Modi hii ya Japani ya Sengoku (enzi ya vita vya koo), yaani mchezo wa kompyuta uliogeuzwa na wachezaji wenyewe, ambayo tulisifiwa kwamba imefanyiwa utafiti wa kina, ni mchezo uleule wa mashujaa wa Ulaya waliovalishwa deraya za Kijapani na kufungwa bendera mgongoni.

Nilichagua ukoo wa Oda kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kurudia mapigano ya Nagashino ya mwaka 1575, ambapo Oda Nobunaga na mshirika wake Tokugawa Ieyasu waliwapanga wapiga bunduki nyuma ya uzio wa magogo na kuwasubiri wapanda farasi wa Takeda Katsuyori wavuke kijito. Simulizi ya bunduki 3,000 naijua, na najua pia kwamba wanahistoria wengi siku hizi wanaona idadi hiyo imetiwa chumvi. Hilo halibadilishi mantiki ya siku ile: tope na uzio vinamchelewesha farasi, na akishachelewa ndipo risasi inampata.

Basi nikakusanya wapiga bunduki 60, kwa gharama iliyonilazimu kuuza mchele wote niliokuwa nao ghalani, nikawaweka kilimani, na mbele yao nikapanga askari 80 wa mikuki. Takeda wakaja. Mkupuo wa kwanza uliangusha farasi kama kumi, nami nikashangilia peke yangu usiku wa manane. Kisha wote 60 wakainama kushindilia baruti kwa wakati mmoja, maana hakuna amri ya kufyatua kwa zamu, na adui alipobakiza hatua kama thelathini wakatupa bunduki chini, wakachomoa panga na kuteremka mbio kwenda kumlaki, ilhali nilikuwa nimebonyeza amri ya kutobanduka mara nne. Majaruba ya mpunga yaliyokuwa mbele yetu ni picha tu, kwani farasi anayakata kwa kasi ileile anayokwenda nayo barabarani.

Na hao farasi wenyewe ni wa mchezo wa asili, wamebadilishwa matandiko tu. Farasi wa Japani wa enzi hizo walikuwa wadogo, wengi wao hawafiki hata mita 1.4 kwenye mabega, lakini humu ni majitu yanayopita katikati ya mikuki kana kwamba yanapita kwenye nyasi. Mikuki nayo ni kichekesho. Askari wa miguu wa Oda walisifika kwa mikuki ya zaidi ya mita 5, silaha ambayo mtu mmoja hafui nayo dafu lakini safu nzima ikiishika hakuna farasi anayeisogelea. Watengenezaji wetu wamewapa vijiti vinavyowazidi kimo kidogo tu, halafu upanga wakaufanya mfalme wa uwanja.

Juzi mvua ilinyesha katikati ya mapigano. Nilidhani angalau hapo nitaona jambo la maana, kwa sababu bunduki za wakati ule ziliwashwa kwa utambi, na utambi ukilowa bunduki inabaki kuwa rungu. Wapiga bunduki wa adui waliendelea kufyatua kana kwamba ni saa sita za mchana wa kiangazi. Hata kuwapunguzia kasi ya kushindilia kumeshindikana?

Najua kuna watakaonijibu kwamba modi ni ya bure na walioitengeneza wanajitolea. Sikatai, na ramani ya mikoa nawapongeza, ni nzuri kweli. Lakini bando la kupakua faili lile si la bure, na aliyeandika katika maelezo yake kwamba mapigano yanafuata historia amejitwika mzigo huo mwenyewe. Tena toleo jipya walilotoa wiki iliyopita halikugusa hata kimoja kati ya haya. Liliongeza rangi za kofia, likaifanya kampeni yangu ya wiki tatu isifunguke kabisa.

Mwenye faili la toleo lililotangulia aniambie, tafadhali. Na kama kuna aliyewahi kuwafanya wapiga bunduki watulie nyuma ya uzio, aeleze alibonyeza nini.