Bosi kaandika "tabled" kwenye muhtasari wa kikao, niandae makaratasi au nifunge faili?

Karani_Mpole: Wakuu, habari za jioni. Bosi wetu ni Mmarekani, yuko huko huko kwao. Leo kanirudishia muhtasari wa kikao, na kwenye ajenda ya 4, bajeti ya magari, kaongeza neno moja tu: "tabled". Mhasibu anasema nikusanye profoma haraka, ajenda inakuja mezani. Dada wa manunuzi, aliyesoma Marekani, anacheka tu na kuniambia nisipoteze wino. Nimsikilize nani?

Mzee_wa_Kamati: Kijana, mhasibu wako ana Kiingereza cha Bungeni. Pale Dodoma hati huwasilishwa mezani, na ripoti ya CAG, yule Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishatua mezani ndipo mjadala unapoanza. Huo ni urithi wa Mwingereza: "to table" ni kuleta jambo lijadiliwe. Kwa Mmarekani ni kinyume chake, yaani liwekwe kando kwanza, na mengine hayarudi tena.

Wakubwa nao yaliwakuta. Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili kwamba maofisa wa Uingereza walikuwa na waraka wa haraka, wakawaambia Wamarekani wanataka "to table it". Wamarekani wakaja juu: jambo zito hivi liwekwe kando? Walibishana weee, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kuwa wote wanataka kitu kilekile.

Bodaboda_Msomi: Kwa hiyo gari hakuna. Karibuni kijiweni 😂

Mama_Tafsiri: Mzee kasema kweli, ila usifunge faili kwa kukisia. Ukiona "tabled until" na tarehe, imeahirishwa. Ukiona "tabled by" na jina la mtu, mara nyingi imewasilishwa. Likisimama peke yake kama hilo lako, uliza, na kwenye swali usilirudie neno lenyewe: "Should item 4 be on the next agenda or not?" Mimi kwenye mihtasari yangu naandika "presented" au "postponed", basi.

Karani_Mpole: Asanteni sana. Nimeuliza, kajibu: "Not yet, after the audit." Mhasibu kanuna, anadai hicho si Kiingereza.

Mzee_wa_Kamati: Asubiri akutane na "moot point". Kwa Mwingereza ni hoja inayobishaniwa, kwa Mmarekani ni hoja ambayo kuibishania hakuna maana tena.