Maji ya kisima kirefu na meno ya watoto: je, kuchemsha kunaondoa floridi?

Mpangaji_Embakasi
Wadau, hamjambo. Ploti yetu inatumia maji ya kisima kirefu. Ya kanjo huja mara moja kwa wiki, tena usiku wa manane. Watoto kadhaa hapa wana madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele, na watu wanasema ni floridi. Mmoja anasema chemsha, mwingine tia shabu, wa tatu dawa ya klorini. Nina mtoto wa miezi 10 anayetumia maziwa ya kopo na mwingine wa miaka 5. Ukweli wa kitaalamu ni upi? Na sisi watu wazima je?

Mkemia_Maji
Kuchemsha hakuondoi floridi, kunaizidisha. Ni madini yaliyoyeyuka, hayapai na mvuke. Chukua lita 10 zenye miligramu 1.5 kwa lita: mna miligramu 15. Ukichemsha hadi zibaki lita 8, zile 15 bado zimo, kwa hivyo sasa ni karibu 1.9 kwa lita. Klorini kazi yake ni vijidudu tu. Taa ya UV (mwanga wa kuua vijidudu), chujio la udongo na lile la mkaa wa kawaida hali ni hiyo hiyo. Shabu huvuta floridi, lakini kwa kipimo kikubwa pamoja na chokaa, tena baada ya kuyapima maji yenyewe. Ukibahatisha kwenye mtungi utabaki na alumini na salfeti ndani ya maji ya kunywa.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita, na viwango vya Kenya vinafuata hicho hicho. Nairobi imekaa juu ya miamba ya volkano, na maji yakikaa humo chini miaka mingi hutoa floridi kwenye mawe. Kalsiamu ingeishika ibaki chini, ila maji mengi ya visima vya huku yana sodiamu nyingi na kalsiamu haba, ndiyo maana ni malaini na sabuni hutoa povu haraka. Lakini povu si kipimo, na ladha ya chumvi pia si kipimo. Visima viwili vilivyopakana vinaweza kutofautiana sana. Maji ya kanjo hayana shida hii: mengi hutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, ni maji ya mito ya Aberdare.

Anza kwa kupima. Chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita, si ya kioo, kwa sababu floridi hushikana na kioo. Washa pampu, acha maji yatiririke dakika 5 hadi 10, suuza chupa mara tatu kwa maji hayo hayo, kisha jaza. Maabara ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) na ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima, na za binafsi zipo. Taja floridi kwa jina. Ripoti nyingi ambazo wenye ploti huonyesha wapangaji ni za vijidudu peke yake, na mtu huambiwa "maji yamepimwa, ni masafi".

Meno_na_Fizi
Nitajibu upande wa meno. Floridi huharibu jino likiwa bado linajengwa ndani ya fizi. Meno ya mbele ya kudumu hujengwa tangu kuzaliwa hadi miaka 4 au 5, na hatari kubwa kwa yale ya juu ni kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Kwa hiyo wa miezi 10 ndiye wa kushughulikiwa leo. Wa miaka 5, ya mbele yameshaundwa hata kama hayajatokeza. Magego ya nyuma yanaendelea hadi miaka 8 hivi. Mtu mzima meno yake hayabadiliki tena. Kwake suala ni mifupa, na hilo huja kwa viwango vya juu zaidi, kuanzia miligramu 3 hadi 6 kwa lita na kuendelea, akinywa miaka mingi.

Maziwa ya mama yana floridi kidogo mno hata mama akinywa maji ya kisima. Ya kopo hutegemea maji unayokorogea, kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa hayo ni maji.

Kabla ya kulaumu kisima, angalia meno yenyewe. Madoa ya floridi huja kwa jozi: jino la kulia na mwenzake wa kushoto hufanana, mara nyingi kwa mistari myeupe ya kulala. Doa kwenye jino moja peke yake mara nyingi lina sababu nyingine, kwa mfano jino la utotoni lililoumia. Rangi ya kahawia hupenya ndani ya enameli (tabaka gumu la nje la jino) baada ya jino kuota, kwa hiyo si uchafu wa kusugua. Kusugua kwa mkaa, majivu au ndimu kunamaliza enameli na doa linabaki. Kliniki zinaweza kupunguza madoa mepesi kwa kukwangua tabaka jembamba kwa asidi maalumu au kwa kung'arisha, mazito hufunikwa.

Dawa ya meno yenye floridi msiitupe, lakini kwa wa chini ya miaka 3 iwe kama punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 kama punje ya njegere, na mtoto ateme.

Fundi_Chujio
Njia ya bei nafuu ni kuchanganya. Kisima kikisoma miligramu 4 kwa lita na maji ya kanjo yakiwa 0.3: lita 5 za kisima kwa lita 15 za kanjo zinakupa karibu 1.2. Ya mvua yana floridi pungufu hata kuliko ya kanjo. Maji ya kunywa na kupikia peke yake ndiyo ya kuhesabu, kwa hiyo matangi mawili yanatosha, moja likifungiwa maji ya kanjo.

Mashine ya RO (husukuma maji yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo mno) huondoa sehemu kubwa ya floridi, ila humwaga lita 2 au 3 kwa kila lita inayotoa, na utando ukichakaa hupitisha bila wewe kujua. Mkaa wa mifupa (mifupa ya wanyama iliyochomwa) unafanya kazi vizuri. Nakuru umetumika sana. Ukichomwa haba maji yananuka, ukichomwa kupita kiasi unapoteza nguvu. Nao hujaa, na siku ukijaa maji yanatoka matamu kama jana. Bila kupima tena kila miezi michache unajidanganya. Kuna familia zisizokubali mifupa kwa sababu za dini, ulizeni kwanza ni ya mnyama gani.

Mkemia_Maji
Nyongeza muhimu: msiache kuchemsha! Maji ya mvua ya paa na yaliyokaa tangini yana vijidudu. Funika sufuria, yakitokota vizuri zima, hapo hayapungui kiasi cha kutisha.

Mpangaji_Embakasi
Asanteni sana. Kuoga, kufua na kuosha mboga? Na githeri tunatia magadi.

Meno_na_Fizi
Kuoga na kufua endeleeni, ngozi si njia yake. Kuosha mboga sawa. Uji, ugali na wali hunywa maji yote, hivyo tumieni yaliyochanganywa. Magadi yenyewe yana floridi, na majani ya chai pia, kwa hiyo chai nzito si ya mtoto. Maharagwe na mahindi loweka usiku kucha, mwaga yale maji, uchemshe bila magadi. Yatachukua muda zaidi jikoni.