Naomba ushauri: mwanajumuiya anaumwa, michango hajatoa

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Mimi ni mweka hazina wa jumuiya yetu ndogondogo. Tuna mama mjane, fundi cherehani, amepooza upande mmoja tangu kabla ya Kwaresima. Kodi, dawa za presha, unga wa watoto, vyote vimemshinda. Ila michango hajatoa muda mrefu, na katiba yetu inasema asiyechangia hahudumiwi. Wapo wanaoishikilia kama Amri ya Kumi na Moja! "Tukimpa yeye, kesho wote wataacha kutoa." Hoja hiyo siibezi, mfuko ni mdogo na wategeaji wapo kweli. Lakini tunasali rozari nyumba ya tatu kutoka kwake, tunasoma Yakobo sura ya 2 kuhusu ndugu aliyepungukiwa na riziki, kisha tunaagana. Maaskofu wa AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki Afrika Mashariki) walipozipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1976, sidhani walikusudia chama cha kuzikana.

Nipeleke hoja ya kubadili katiba, niende kwa paroko, au tuchange pembeni wachache? Hili la mwisho naogopa litazua makundi. Na mwenyewe ana aibu, hataki kutangazwa. Waliowahi kukutana na jambo hili, mlifanyaje?