"Mama, hapa hatupimi nyanya": nani amemruhusu huyu bwana kuwafundisha watoto wetu kwamba jairoskopu hupoteza uzito?

Mwalimu_wa_Zamu:

Wanajukwaa, salaam. Naandika nikiwa bado natetemeka, kwa maana ndiyo kwanza nimetoka kwenye maonyesho ya sayansi ya wanafunzi na tusi nililopewa halijapoa. Aliyenitukana nyote mnamjua. Ni yule bwana wa koti jeupe na kipaza sauti cha shavuni, anayezunguka shule hadi shule na sanduku lake la maajabu, kwa hiyo sina haja ya kumtaja.

Bwana huyo alifunga kamba kwenye ncha moja ya ekseli ya tairi la baiskeli, akalizungusha hadi spoki zikawa hazionekani, kisha akaliachia. Tairi halikuanguka. Lilibaki wima, ekseli ikiwa imelala, huku lote likiizunguka kamba taratibu. Hadi hapo nilimpigia makofi, kwa sababu hiyo ndiyo jairoskopu yenyewe, yaani gurudumu linalozunguka kwa kasi na kukaidi mhimili wake usipindishwe, na onyesho lilikuwa zuri. Ndipo akawageukia watoto wa kidato cha tatu na kuwatangazia kwamba tairi likizunguka kwa kasi hupoteza uzito, na kwamba vitabu vyetu vinawaficha jambo hilo.

Nilinyoosha mkono kwa adabu, nikatoa mkobani mizani yangu ya ndoano, ile ya kupimia mabegi ya safari, nikamwomba aitundike kati ya kamba na boriti ili watoto wasome wenyewe. Akaishika kwa vidole viwili, akainyanyua ukumbi mzima uione, akasema: "Mama, hapa hatupimi nyanya." Ukumbi ukaangua kicheko. Hatupimi nyanya! Ananiambia hivyo mimi, niliyewafundisha fizikia nusu ya walimu waliokaa safu ya mbele, nao wakacheka kuliko watoto!

Nawaeleza hapa kile ambacho sikuruhusiwa kukieleza pale. Uvutano unapolivuta tairi lile chini, ekseli hutaka kuinama, na katika kuinama huko sehemu ya juu ya ringi husukumwa mbali na kamba, ilhali sehemu ya chini husukumwa kuielekea. Tairi lililotulia litaanguka na mambo yataishia hapo. Lakini likiwa linazunguka, kipande cha ringi kilichosukumwa kikiwa juu hakibaki juu: robo mzunguko baadaye kimekwisha kufika ubavuni pamoja na msukumo wake, kwa hiyo tairi hugeukia pembeni badala ya kuinama. Uzito upo wote, gramu kwa gramu, na kamba ndiyo iliyoubeba. Anayebisha na aizuie ekseli kwa kidole isigeuke pembeni, aone jinsi tairi litakavyoporomoka papo hapo, kasi yake ikiwa ileile. Tena alitazame linapochoka: kadiri linavyopoteza kasi, ndivyo linavyoizunguka kamba haraka zaidi, jambo ambalo nadharia ya uzito kupotea haiwezi kulieleza hata kwa viboko.

Wala si yeye wa kwanza. Mwaka 1974 Eric Laithwaite, profesa aliyeheshimika sana wa Imperial College, aliinua jairoskopu nzito kwa mkono mmoja mbele ya Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini London, akadai kwamba huwa nyepesi inapozunguka. Wenzake walilikataa dai hilo, na taasisi haikuuchapisha mhadhara wake kama ilivyokuwa desturi. Mwaka 1989 Hayasaka na Takeuchi wa Japani walichapisha vipimo vilivyoonyesha jairoskopu ndogo zikipungua uzito kidogo sana, tena zikizungushwa upande mmoja tu. Kabla mwaka 1990 haujaisha, watafiti wa Marekani, na wale wa Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani iliyoko nje kidogo ya Paris, ambao ndio waliokuwa wakiitunza kilo ya mfano ya dunia nzima, walikuwa wamerudia jaribio hilo wasikute upungufu wowote. Hao nao walitumia mizani, na hakuna aliyewaambia kwamba wanapima nyanya.

Kama uzito ungeisha kwa kuzungusha tairi, malori yote yanayotoka bandarini yangefika kituo cha mizani cha Vigwaza hayana uzito wowote, na Serikali isingehangaika kuweka mizani barabarani. Nyanya! Mbele ya wanafunzi wangu!

Mtoto_wa_Bandari:

Pole, mwalimu. Hata hivyo umeandika ukurasa mzima wa fizikia kujibu sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo watakayoikumbuka watoto. Nasi tuliosoma uzi huu tumebaki na nyanya tu. Fungu ni bei gani leo?

Kokoto:

Mtoto_wa_Bandari, acha kumkejeli mama wa watu. Bwana huyo huyo wa koti jeupe alifika chuoni kwetu akasema jairoskopu haianguki kwa sababu ya nguvu inayosukuma vitu kutoka katikati. Nguvu hiyo, kwa anayezunguka pamoja na tairi, huivuta ringi kwenda nje pande zote kwa usawa, ya kulia ikifutwa na ya kushoto, ya juu ikifutwa na ya chini, kwa hiyo haiwezi kubeba hata unyoya. Nilipomwambia hivyo alinijibu kwamba mimi ni kijana na nitaelewa nikikua. Mwalimu, wewe umeitwa muuza nyanya, mimi nimeitwa mtoto mchanga. Nani kaonewa zaidi?

Fundi_Spoki:

Ninyi mmeonewa mara moja moja, sisi mafundi baiskeli tunaonewa kila siku. Kila msomi anayeleta baiskeli hapa kijiweni hunifundisha kwamba baiskeli husimama kwa sababu magurudumu yake ni jairoskopu. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alifunga gurudumu la pili kando ya lile la mbele, akalizungusha kinyume ili athari ya jairoskopu ifutike, na bado aliiendesha baiskeli hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani walitengeneza nyingine isiyotegemea athari hiyo wala ile ya gurudumu la mbele kugusa ardhi nyuma ya mstari wa mhimili wa usukani, nayo ikajisimamia yenyewe bila mtu. Baiskeli husimama kwa sababu inapoanza kuangukia upande mmoja, usukani hugeukia upande huohuo, na magurudumu yakarudi chini ya uzito. Funga usukani kwa kamba uone kama jairoskopu itakuokoa!

Mgosi_wa_Tanga:

Fundi, unazidisha chumvi. Jones mwenyewe aliona kwamba baiskeli ile ikisukumwa bila mtu huanguka mapema zaidi, kwa hiyo jairoskopu inasaidia. Aidha, mimi ni dereva wa pikipiki, na kwenye mwendo mkubwa nausikia usukani ukiwa mzito kugeuka.

Fundi_Spoki:

Kusaidia ni jambo moja, kuwa sababu pekee ni jambo jingine. Gurudumu hukaidi pale unapougeuza mhimili wake tu. Ukilibeba moja kwa moja mbele au juu bila kuupindisha, haliongezi ukaidi wowote. Mwambie hivyo na aliyekufundisha pikipiki.

Mwalimu_wa_Zamu:

Nawashukuru kwa michango yenu, lakini naomba turudi kwenye mada. Mizani yangu hakunirudishia mkononi, aliiweka juu ya meza ya wageni kando ya maji ya chupa, na mgeni rasmi akaitazama na kucheka tena. Nani anajua mahali pa kupeleka malalamiko haya?

Bibi_Kijani:

Mwalimu, malalamiko yangeanzia kwa mafundi simu. Simu yangu ilikataa kugeuza picha katika mchezo ninaoupenda, na fundi akaniambia kwamba gurudumu la jairoskopu lililomo ndani limekwama, akanitoza hela ya kulipaka mafuta! Jairoskopu ya simu haina gurudumu lolote linalozunguka. Ina vipande vya silikoni vidogo mno vinavyotikiswa kwenda na kurudi kwa umeme, na simu inapogeuzwa mtikisiko huo husukumwa pembeni na nguvu ya Coriolis, kisha msogeo huo husomwa kama badiliko la umeme. Amepaka mafuta kitu gani?

Kokoto:

Dada, huyo fundi wa mafuta namjua, yuko karibu na stendi! Na simu yangu aliipaka mafuta hayohayo!

Mgosi_wa_Tanga:

Simu nyingi za bei rahisi hazina jairoskopu kabisa. Zina kipimamchapuko (accelerometer) tu, ambacho hutambua simu imelala au imesimama. Kabla ya kumlipa fundi, pakueni programu ya kuonyesha vihisi vya simu. Jairoskopu isipoorodheshwa, simu huenda ilizaliwa bila hiyo.

Bibi_Kijani:

Nimepakua sasa hivi. Haimo. Kesho asubuhi naanzia stendi kudai hela yangu, anayeungana nami aje na risiti.