Majeruhi wa mbali: tubebe mitungi ya oksijeni, konsentreta au saketi ya kurudisha pumzi?

Mwokoaji: Wakuu, timu yetu humfikia majeruhi kwa miguu, na kumtoa kwa machela huchukua saa kadhaa. Tuongeze mitungi au tununue konsentreta ya kubeba, ile mashine inayopata oksijeni kutoka hewani? Uzito unatumaliza.

FundiMitungi: Piga hesabu kwanza. Mtungi wa lita 680 ukifunguliwa lita 15 kwa dakika, dakika 45 umekwisha. Huohuo kwa lita 2, mirija ya puani, unakaribia saa sita. Na valvu isiguswe na grisi kabisa, huwasha moto.

NesiWaZamu: Hapo kwenye lita ndipo oksijeni inapopotea! Watu hufungua 15 na kusahau. Aliyeumia vibaya aanze na barakoa yenye mfuko, ndiyo, na mfuko ujae kabla hujamvika. Kisha tazama oksimita, kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu: ikitulia kwenye asilimia 94 hadi 98, punguza kidogokidogo huku unamwangalia anavyohema. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, 88 hadi 92 inatosha. Futa matope kidoleni na upashe mkono joto, kidole cha baridi hutoa namba za uongo. Aliyevuta moshi usimpunguzie hata ikisoma 99, maana oksimita ya kawaida huhesabu kaboni monoksaidi kama oksijeni.

Tabibu: Konsentreta huchuja nitrojeni ya hewani, kwa hiyo haikwishi mradi kuna umeme. Lakini nyingi za kubeba hutoa oksijeni kwa mpigo, pale mgonjwa anapovuta pumzi. Anayehema juujuu huenda isimsikie, na haiwezi kujaza barakoa yenye mfuko. Mimi ningeiacha kambini.

Kilele: Msisahau saketi. Mtu aliyetulia hutumia takriban robo lita ya oksijeni kwa dakika, iliyobaki anaitoa nje. Saketi humrudishia, chokaa ya soda ikinasa kaboni dioksaidi, na mtungi mdogo hudumu saa nyingi. Ila barakoa ikivuja faida imepotea, na chokaa ikichoka mgonjwa anavuta hewa chafu. Bila mafunzo, msiguse.

Mwokoaji: Basi mitungi miwili midogo na oksimita, konsentreta ikae kambini. Saketi tukishafunzwa.

FundiMitungi: Sawa. Ufunguo wa mtungi ufungeni kwa kamba kwenye begi, na soma geji kabla ya kuondoka, si mkifika.