Tupeane uzoefu: kumzoesha mtoto wa msingi kutatua tatizo, iwe kwa ubao, kishikwambi au kompyuta moja

Chaki Nyeupe

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Naomba tukusanye hapa yale ambayo kila mmoja ameyahakikisha darasani kuhusu jambo moja: mtoto wa darasa la 3 hadi la 6 azoee kupambana na swali asilolijua, badala ya kumtazama mwalimu usoni akisubiri jibu. Vifaa vimeanza kutufikia. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya Tanzania ya 2022 vimegawiwa walimu, shule nyingine zina projekta, nyingine zina kompyuta moja tu ya ofisini. Mtoto asiyezoezwa kufikiri kwenye daftari, ukimpa skrini atabonyeza-bonyeza tu. Kwa hiyo tuandike hatua, vipimo na mahali panapoharibika. Historia za shule zetu tuziache kwa leo.

Naanza na daftari. Kabla ya kukokotoa, mtoto agawe ukurasa sehemu nne: Nimeulizwa nini na nimepewa nini. Nitafanyaje. Kazi yenyewe. Je, jibu linaingia akilini? Mpangilio huu wa kuelewa, kupanga, kutekeleza na kurudi nyuma kukagua uliwekwa wazi na George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, mwaka 1945, na hadi leo sijaona unaoushinda kwa watoto wadogo.

Sehemu inayorukwa ni ya nne. Chukua swali hili: wanafunzi 60 wanakwenda ziara, gari moja linabeba 14, yatahitajika magari mangapi? Mtoto anagawanya, anaandika "4 baki 4", anafunga daftari. Usimwambie 5. Mwulize tu: hao 4 waliobaki wanakwendaje? Atakaa kimya kidogo, halafu atarekebisha mwenyewe.

Mwanzoni swali moja litakula kipindi kizima cha dakika 40. Acha likitumie chote. Swali moja kwa siku ukurasa ukiwa umejaa ni bora kuliko maswali kumi ya kunakili njia. Na kwenye kusahihisha, toa alama 4, moja kwa kila sehemu. Ukiweka alama zote kwenye jibu, ndani ya wiki moja sehemu nyingine tatu zitabaki tupu, kwa sababu mtoto husoma haraka sana kile mwalimu anachokithamini.

Bibi Tarakimu

Asante kwa kuufungua uzi huu. Mimi naleta mitego ya lugha yetu wenyewe, maana makosa mengi tunayoyaita ya hesabu ni ya kusoma.

Mtego wa kwanza ni kufundisha maneno ya kukariri: "ukiona *zaidi* jumlisha, ukiona *pungufu* toa." Sasa mpe hili: Asha ana machungwa 12. Ana machungwa 5 zaidi ya Juma. Juma ana mangapi? Darasa lililokaririshwa litajibu 17. Jibu ni 7. Dawa yake ni michoro ya vipande: kipande kirefu cha Asha chenye 12, chini yake kipande kifupi cha Juma, na ile tofauti ya 5 imetiwa rangi. Kabla ya kuchora, uliza swali moja tu: nani ana mengi? Mtoto akishajibu "Asha", hawezi tena kumpa Juma 17 bila kujishtukia.

Mtego wa pili ni saa, na huu unazidi pale kifaa kinapoingia darasani. Skrini inaandika 10:30, mtoto anajua ni saa nne na nusu. Tofauti ya 6 lazima ifundishwe waziwazi, siku ya kwanza kabisa ya kugusa kifaa, kwa saa mbili za maboksi zilizobandikwa sambamba ukutani. Kisha muda uliopita. Basi limeondoka saa 11:45 alfajiri, limefika saa 4:20 asubuhi. Limetumia muda gani? Wengi watatoa namba ndogo kwenye kubwa wapate saa 7 na dakika 25. Wafundishe kupiga mstari na kuruka vituo: kutoka 11:45 hadi 12:00 ni dakika 15; kutoka 12:00 hadi 4:00 ni saa 4; hadi 4:20 ni dakika 20. Jumla saa 4 na dakika 35. Anayechora mstari hakosei. Anayetoa moja kwa moja hukosea kila mara saa inapovuka 12.

Halafu jambo dogo lenye uzito: ukiuliza, nyamaza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima madarasa akakuta mwalimu husubiri takriban sekunde 1 tu kabla ya kuendelea. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na "sijui" zikapungua. Hesabu moyoni hadi 5, mikono ikiwa imeshuka, ndipo utaje jina.

Konda wa Darasa

Nachangia upande wa kugawana vishikwambi, kwa shule zilizopata vichache.

Vikundi vya watatu, kifaa kimoja. Dereva anagusa skrini. Konda anatoa maelekezo kwa mdomo. Karani anaandika walichojaribu na kilichotokea. Sheria mbili tu: dereva hafanyi asichoambiwa, konda hagusi skrini. Hapo ndipo faida yote ilipo, maana konda analazimika kuyatoa mawazo yake kwa maneno kamili. "Pale, pale, hapo" haisaidii. Anajifunza kusema "sogeza kulia mara mbili, kisha geuka".

Zamu zibadilike kila dakika 7. Zamu tatu ni dakika 21. Kugawa vifaa dakika 5, kukusanya dakika 5, kati ya 40 zinabaki 9 za kujadili kwa pamoja. Usizile hizo 9. Darasa la 63 lenye vishikwambi 7: watoto 21 wanatumia vifaa, 42 wanafanya tatizo lile lile kwenye karatasi, mzunguko unakamilika kwa siku tatu. Tatizo liwe lile lile kwa wote. Wale wa karatasi wakipewa kazi ya "kuwashughulisha", watakuwa macho yote kwa wenye skrini.

Kinachoharibika: mtoto mwenye simu nyumbani anashika udereva jumla, na wasichana wanasukumwa kwenye ukarani kila kipindi. Kwa hiyo zamu zisiachwe mikononi mwa watoto. Bandika orodha ukutani yenye namba 1, 2, 3, na namba ya kuanza ibadilike kila siku.

Mwalimu Magharibi

Hamjambo wenzangu, natoka upande wa Kenya. Mtaala wetu wa umilisi umeweka uwazaji kina na utatuzi wa matatizo miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi, na ujuzi wa kidijitali ni mwingine kati ya hizo. Ukivifunza pamoja unaokoa muda. Kwa gredi ya 5 na 6 natetea Scratch, programu ambayo mtoto hupanga matofali ya amri ili paka wa kwenye skrini ayafuate: ni ya bure, inasakinishwa kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti, na inaweza kugeuzwa kuwa ya Kiswahili.

Zoezi lenye thamani kuliko yote ni kuchora umbo. Kalamu haionekani mwanzoni. Bonyeza kitufe cha nyongeza kilicho chini kushoto, uchague kalamu. Mraba: shusha kalamu, kisha rudia mara 4: sogea hatua 100, geuka nyuzi 90. Inakubali mara moja na watoto wanafurahi. Sasa waambie wachore pembetatu yenye pande sawa.

Karibu wote wataweka rudia mara 3 na kugeuka nyuzi 60, kwa kuwa wamesoma kwamba kila pembe ya umbo hilo ni 60. Kwenye skrini inatoka mistari mitatu iliyopinda kama bakuli, haijafunga. Hapa ndipo mwalimu anatakiwa kuweka mikono nyuma. Mpeleke mtoto mmoja sakafuni, pigeni pembetatu kwa chaki, kila upande hatua 3, aitembee huku wenzake wakitazama mabega yake kwenye kona. Wataona kwamba anageuka zaidi ya robo ya mzunguko. Pembe ya ndani ni 60, lakini mtembeaji anageuka ile ya nje: 180 toa 60, yaani 120. Waliogundua hili kwa miguu hawana haja ya kukaririshwa pembe sita. Watagawanya 360 kwa 6 wenyewe.

Makosa ya kifaa yanayofanana na makosa ya mtoto, mjue kuyatofautisha. Mistari ya jaribio la kwanza hubaki, hivyo tofali la kufuta yote liwe la kwanza. Umbo la pili hutoka limepinda kwa sababu paka amebaki akitazama upande alioishia. Mwelekezeni nyuzi 90 mwanzoni. Na jukwaa lina upana wa 480 na urefu wa 360 tu, katikati ikiwa sifuri. Mraba wa hatua 300 ukianzia katikati hugonga ukingo, paka anazuiwa, mchoro unaharibika, na mtoto anabomoa programu ambayo haikuwa na kosa.

Sheria ya kutafuta kosa niandike kwa herufi kubwa: BADILISHA KITU KIMOJA, ENDESHA, ANDIKA KILICHOTOKEA. Mtoto akibadilisha vitatu kwa mpigo, hata akipata hajui kilichomponya.

Fundi Waya

Mimi ni wa vifaa, nitasema ya vifaa.

Kuchaji: chaja ya volti 5 na ampea 2 ni wati 10. Vishikwambi 20 ni wati 200. Plagi ya ukutani ya ampea 13 kwa volti 230 inabeba karibu wati 3,000, hivyo ukuta hauna shida. Shida ni ekstensheni nyembamba iliyoachwa imeviringishwa nyuma ya vitabu, inaweza kupata moto. Ikunjueni yote. Kabati liwe na matundu juu na chini.

Likizo: msivifungie vikiwa na chaji 0 wala 100. Acheni karibu 50. Betri ya lithiamu ikikaa tupu miezi miwili hushuka mno, na kifaa kinaweza kukataa chaji moja kwa moja. Vifaa vingi vinavyoitwa vibovu kila Januari viliuawa hivi.

Sola: vifaa 20 kwa wati 10 kwa saa 3 ni wati-saa 600. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina 1,200, lakini usiivuke nusu, yaani 600. Hapo hakuna akiba hata kidogo, na siku ya mawingu mtakwama. Chajini 10 leo, 10 kesho.

Projekta: zima kwa kitufe, subiri feni isimame, ndipo uchomoe. Ukichomoa ghafla, joto linabaki kwenye taa na umri wake unafupika. Chujio la vumbi lipigwe brashi kila wiki mbili. Herufi ukutani: sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Mtoto wa nyuma yuko mita 9? Basi herufi ziwe sentimita 7.5. Pimeni kwa rula. Na si kila kishikwambi kinatoa picha kupitia tundu la chaji. Jaribuni siku moja kabla.

Kwa masomo bila intaneti, Kolibri (programu ya bure ya kuhifadhi masomo) kwenye kompyuta moja na ruta ya kawaida, kile kifaa cha kurusha wi-fi, vinatosha. Pakua masomo mjini, rudi nayo. Watoto wanaunganisha wi-fi ya ruta na kuandika kwenye kivinjari anwani ya kompyuta, nukta mbili, 8080. Kikikataa, sababu huwa tatu: kompyuta imelala baada ya kufunikwa, Windows imezuia programu kwenye mtandao, au ruta imezimwa ikawaka na kuipa kompyuta anwani nyingine. Ya mwisho inatibiwa kwa kuifungia kompyuta anwani ya kudumu ndani ya ruta.

Kijijini Kwetu

Nashukuru sana, ila huku hakuna umeme wala kompyuta. Darasa la 4 lina watoto 80. Nianzie wapi?

Chaki Nyeupe

Mwalimu, hujakosa kitu cha kuanzia.

Piga uwanjani gridi ya miraba 5 kwa 5, kila mraba sentimita 50. Kata kadi 12 za maboksi: mishale 6 ya mbele, 3 ya kugeuka kulia, 3 ya kushoto. Mtoto mmoja ni roboti, jiwe ni lengo, viti viwili ni vizuizi. Kikundi kinapanga kadi zote chini KABLA roboti hajasogea, kisha zinasomwa moja moja. Roboti akigonga kiti, simamisheni pale pale, mtafute kadi iliyokosea, mbadilishe hiyo moja tu. Kosa la kawaida: watoto wanadhani kadi ya kulia ni kugeuka na kupiga hatua. Waambie mapema: kugeuka ni kugeuka, hatua ni kadi nyingine.

Seremala wa Shule

Kwa watoto 80 naongeza vibao vya mkononi, ili uone majibu yote kwa pamoja badala ya mkono wa yule yule wa mbele.

Shiti moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4, unene milimita 3 au 4, ni sentimita 244 kwa 122. Ikatwe vipande vya 30 kwa 20: vinane upande mrefu, sita upande mfupi, jumla 48. Zinabaki sentimita 4 na 2, ambazo msumeno utazila, kwa hiyo mwambie fundi atumie msumeno mwembamba. Shiti mbili zinatoa 96, unabaki na akiba ya 16. Piga msasa kingo zote, mbao hizi zina miiba. Rangi nyeusi ya ubao mikono miwili, wa pili baada ya wa kwanza kukauka kabisa. Acha siku tatu.

Kabla ya kuandika mara ya kwanza, laza chaki ubavu, paka kibao kizima, futa kwa kitambaa kikavu. Ukiruka hatua hiyo, maandishi ya kwanza huganda kwenye rangi na hayatoki tena. Vitambaa vya kufutia ni soksi kuukuu, moja kwa kila mtoto, na chaki nusu nusu.